Mbinu nne shirikishi za kufundisha Hisabati sekondari: ipi kwa kipindi kipi?

Mwalimu wa Hisabati wa kidato cha pili ana wanafunzi 70, vipindi viwili vya dakika 40 vilivyounganishwa, na azimio la kazi ambalo tayari limechelewa wiki mbili. Kila semina inamwambia atumie mbinu shirikishi. Haimwambii ipi, kwa mada ipi, wala kwa dakika ngapi. Basi anagawa darasa katika vikundi vya watu kumi, wawili wanafanya, wanane wanasubiri, na kengele inapokaribia anarudi ubaoni kufundisha yote upya. Hapo mbinu ndiyo inayolaumiwa, ingawa mara nyingi kilichokosewa ni uchaguzi wake.

Hapa tunalinganisha mbinu nne: tatizo kwanza, ugunduzi wa kuongozwa, swali la kura, na GeoGebra, programu ya kompyuta ya kuchora grafu na maumbo. Zote zimesimama juu ya wazo ambalo wanasaikolojia Jean Piaget na Lev Vygotsky walilikuza kila mmoja kwa njia yake: mwanafunzi hamiminiwi maarifa, huyajenga kwa kuunganisha jipya na lile analolijua. Vygotsky aliongeza kwamba huyajenga vizuri zaidi akiwa na mtu anayemtangulia hatua chache. Nyongeza hiyo ina uzito, kwa sababu wapo wanaodhani kujenga maarifa ni kuachwa peke yako. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walipinga kwa nguvu ufundishaji usio na mwongozo, wakisema mgeni wa mada akiachwa atafute mwenyewe, kumbukumbu yake huelemewa na kutafuta hata isibaki nafasi ya kujifunza. Tunakubaliana nao kwa hilo. Ndiyo maana kila mbinu iliyomo humu ina dakika ambazo mwalimu anasimama na kusema waziwazi hisabati ya siku ile ni ipi.

## Vigezo vya kupimia

Swali la kwanza, na ndilo lililo juu ya mengine yote: leo mwanafunzi anajenga nini? Kuna siku anajenga njia ya kukokotoa. Kuna siku anajenga ukweli kuhusu umbo. Kuna siku anabomoa dhana potofu aliyotoka nayo shule ya msingi, na kuna siku anahitaji kuona kitu kimoja kinavyobadilika kingine kikibadilishwa. Mambo haya manne hayajengwi kwa zana moja.

Kisha tunatazama muda wa kipindi na wa maandalizi, vifaa, ukubwa wa darasa, na namna mwalimu anavyojua nani ameelewa kabla kengele haijalia. Kigezo cha mwisho ni lugha. Tanzania Bara, Hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuwa na wazo sahihi kabisa akakosa maneno ya kulisema. Mbinu inayotegemea mazungumzo bila mpango wa lugha itazungumzwa na watatu tu darasani. Ushauri wetu hapo haubadiliki kwa mbinu yoyote: wajadiliane kwa Kiswahili, wahitimishe kwa Kiingereza, na pembeni mwa ubao kuwe na safu mbili za maneno ya siku hiyo, moja kwa kila lugha, hadi kipindi kiishe.

## 1. Tatizo kwanza

Mwalimu anaanza na tatizo ambalo wanafunzi hawajafundishwa njia yake, lakini wana vya kulianzia. Mbinu hii imekomaa sana Japani. Ilipata macho ya dunia baada ya video za vipindi vya Hisabati vya Ujerumani, Japani na Marekani kurekodiwa na kulinganishwa katika utafiti wa TIMSS wa 1995, ule wa kulinganisha Hisabati na Sayansi kati ya nchi na nchi.

Inavyokwenda. Mada iwe milinganyo miwili yenye herufi mbili zisizojulikana. Mwalimu haandiki x wala y. Anaandika: *Madaftari 3 na kalamu 2 ni shilingi 4,100. Madaftari 2 na kalamu 3 ni shilingi 3,400. Daftari moja ni bei gani? Kalamu moja je?*

Dakika 5 ni za kusoma na kuhakikisha kila mtu ameelewa kinachoulizwa. Dakika 5 zinazofuata kila mmoja anafanya peke yake, kimya. Kimya hiki kisirukwe: mwanafunzi mwepesi akipewa kikundi mapema, wenzake hawaanzi kufikiri kamwe. Dakika 15 ni za vikundi vya watatu watatu. Dakika 25 njia zao zinawekwa ubaoni na kulinganishwa, 10 mwalimu anahitimisha, 20 za zoezi.

Katika zile dakika 15 mwalimu anapita na kijidaftari akiandika kikundi gani kimepita njia gani. Kwa tatizo hili, njia nne hujitokeza. Wapo wanaokisia bei na kuziweka kwenye jedwali. Wapo wanaojumlisha mistari yote miwili: madaftari 5 na kalamu 5 ni 7,500, kwa hiyo daftari na kalamu pamoja ni 1,500, wakitoa mstari mmoja kwenye mwingine wanaona daftari linaizidi kalamu kwa 700. Wapo wanaobadilishana: ukirudisha kalamu mbili dukani ukachukua madaftari mawili, unaongeza 1,400, basi madaftari 5 ni 5,500. Na wapo wanaoandika herufi na kuzidisha mstari mmoja kwa 2 na mwingine kwa 3. Wote wanafika pale pale: daftari 1,100, kalamu 400.

Ubaoni usimwite aliyemaliza kwanza. Mpe nafasi mkisiaji, kisha mjumlishaji, kisha mbadilishaji, mwisho mwenye herufi, ili kila njia ijibu udhaifu wa ile iliyotangulia. Wajapani huita hatua hii *neriage*, neno lenye picha ya kukanda, na kweli ni kazi ya kukanda: wazo linageuzwa na kubanwa hadi liwe laini. Kisha uliza: kama mstari wa pili ungekuwa madaftari 5 na kalamu 4, kujumlisha kungesaidia? Wanajaribu, wanapata 8 na 6, wanakwama. Hapo njia ya kuzidisha na kuondoa herufi moja inaonekana kuwa hitaji lao wenyewe.

Muda na vifaa. Dakika 80, kwa 40 haitoshi, na kuigawa siku mbili huiua kwa sababu kesho yake nusu ya darasa imesahau njia ya jirani. Vifaa ni ubao na karatasi. Maandalizi ndiyo gharama: mwalimu alitatue tatizo kwa njia zote anazoweza kuziwaza kabla ya kuingia darasani, na achague namba kwa makusudi. Bei za 1,000 na 500 zingekisiwa ndani ya dakika moja. 1,100 na 400 zinamchosha mkisiaji kiasi cha kutosha kumfanya atafute njia nyingine.

Darasa kubwa. Wanafunzi 70 ni vikundi 23 au 24, na mwalimu hawezi kuvipitia vyote. Apite nusu, nusu nyingine kesho. Peter Liljedahl, mtafiti wa Canada, anapendekeza vikundi vya watatu vinavyopangwa kwa bahati nasibu, vikiwa vimesimama mbele ya ubao wa ukutani na kalamu moja tu kwa kikundi. Penye kuta zilizopakwa rangi ya ubao hilo linawezekana, na lina faida kubwa kwamba mwalimu anasoma kazi ya darasa zima akiwa amesimama katikati. Pasipo kuta hizo, karatasi nyeupe ndani ya bahasha ya plastiki angavu na maka peni inayofutika hutosha.

Panapoharibika. Kosa la kwanza ni huruma: mwalimu anapita, anaona kikundi kimekwama, anawaonyesha njia. Andaa badala yake swali moja la kusukuma, mfano "mkinunua vyote hivi kwa pamoja mnabeba vingapi?" Kosa la pili ni saa. Ikifika dakika ya 50 na bado kuna kikundi hakijawasilisha, kata mawasilisho, usikate hitimisho. Mwanafunzi anayetoka na njia nne bila kujua ipi ndiyo ya kuandika kwenye mtihani ametoka na mzigo.

Inamfaa mwalimu anayeijua mada vizuri kiasi cha kutoogopa njia asiyoitarajia, na darasa lenye misingi ya hesabu za kawaida. Ni nzuri kwa uwiano, milinganyo, mifuatano ya namba na hesabu za kuhesabu uwezekano. Si nzuri kwa mambo ya makubaliano tu, kama alama za seti au jinsi ya kuandika logarithimu. Makubaliano hayagunduliwi, yaseme kwa dakika mbili usonge mbele.

## 2. Ugunduzi wa kuongozwa

Mwanasaikolojia Jerome Bruner aliutetea ujifunzaji wa kugundua mwaka 1961. Afrika Mashariki wazo hilo linajulikana zaidi kupitia SMASSE, mradi wa kuwanoa walimu wa Hisabati na Sayansi wa sekondari ulioanzishwa Kenya mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, uliosisitiza vitendo na zana za kujitengenezea. Tofauti na mbinu ya kwanza, hapa njia imepangwa na mwalimu hatua kwa hatua. Mwanafunzi anagundua mwisho wake.

Inavyokwenda. Tuchukue kanuni ya duara: pembe ya kitovuni ni mara mbili ya pembe ya kwenye mzingo inayosimama juu ya tao lile lile. Kila wawili wanachora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 6. Usikubali sentimita 3, maana mikono ya pembe itakuwa mifupi kuliko kipimapembe na vipimo vitayumba. Kila safu ya madawati inapewa pembe yake ya kitovuni: 60, 80, 100, 120, 140. Wanaweka alama A na B, kisha wanachagua nukta tatu kwenye tao kubwa, moja karibu na A, moja katikati, moja karibu na B, na kupima pembe katika kila nukta. Majibu yanakusanywa kwenye jedwali moja ubaoni.

Jedwali la darasa zima ndilo moyo wa kipindi. Jozi moja iliyopata 49, 51 na 50 haijaona kitu. Safu tano zikiwekwa pamoja, kila mtu anaona nusu. Na karibu kila mara kuna jozi yenye kitovu cha digrii 100 iliyopata 130, kwa sababu iliweka nukta kwenye tao dogo. Usiwafute. Waulize 130 na 50 zina uhusiano gani, na utakuwa umepanda mbegu ya kanuni inayofuata: pembe zinazotazamana za umbo la pande nne lililo ndani ya duara hujumlika kuwa 180.

Kisha uthibitisho. Chora mstari kutoka nukta P kupita kitovu O hadi upande wa pili. Pembetatu OPA na OPB kila moja ina pande mbili sawa kwa kuwa ni nusu kipenyo, na pembe ya nje ya kila moja ni jumla ya pembe mbili za ndani zilizo sawa. Mara mbili inajitokeza yenyewe.

Muda na vifaa. Dakika 10 za maelekezo na kuchora, 20 za kupima, 10 za jedwali, 15 za uthibitisho, 25 za zoezi. Bikari moja na kipimapembe kimoja kwa watu wawili. Bikari zikikosekana, chora kwa kuzungusha kifuniko cha ndoo au sahani, likate duara na ulikunje mara mbili katika nusu tofauti. Mikunjo inapokutana ndipo kitovu kilipo. Vipimapembe vinaweza kunakiliwa kwa kalamu ya wino kwenye vipande vya plastiki angavu.

Darasa kubwa. Inavumilia vizuri kuliko watu wanavyodhani, mradi maelekezo yameandikwa ubaoni kwa namba, na kila hatua moja isizidi mstari mmoja. Mwanafunzi aliye nyuma kabisa akisoma hatua ya 3 bila kuuliza, mwalimu amepata uhuru wa kuzunguka.

Panapoharibika. Penseli butu na kitovu cha kipimapembe kilichokaa pembeni huleta makosa ya digrii 2 au 3, na wapo watakaosema "si nusu, ni karibu na nusu." Wako sahihi! Hilo ndilo swali la kuwabeba kwenye uthibitisho: kupima kunatupa dhana, hoja ndiyo inatupa uhakika. Mwalimu anayemaliza kipindi kwenye jedwali amewafundisha sayansi ya vipimo akaiacha hisabati nje ya mlango. Kosa jingine ni kutangaza kanuni mwanzoni, kisha kuwatuma "wakagundue". Hapo wanapima kwa kurekebisha majibu yafanane na ubao.

Inamfaa mwalimu mpya kuliko mbinu ya kwanza, kwa kuwa njia inajulikana. Ni ya jometri, eneo na ujazo, trigonometria ya mwanzo, na uwezekano kwa kurusha sarafu au kete. Mwanafunzi aliyeshindwa aljebra kwa miaka mingi mara nyingi hurudi darasani kwa mlango huu, maana anayepima anaanza sawa na wenzake.

## 3. Swali la kura

Eric Mazur aliianza Harvard mwaka 1991 akifundisha fizikia, baada ya kuona wanafunzi wanakokotoa vizuri huku dhana zimewapita pembeni. Kati ya nne hizi, ndiyo rahisi kuingiza kwenye kipindi cha kawaida.

Inavyokwenda. Mwalimu anaandika swali lenye majibu manne. Mfano: *Kama −2x < 6, basi:* A: x < −3. B: x > −3. C: x < 3. D: x > 3. Dakika moja na nusu ya kufikiri kimya. Kwa ishara moja wote wanainua jibu: kadi ya manila, au vidole vilivyowekwa kifuani, kimoja kwa A hadi vinne kwa D, ili wa nyuma asione. Mwalimu anakadiria kwa safu. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, anafundisha upya, maana hakuna wa kumsaidia mwenzake. Wakiwa kati ya 30 na 70, haonyeshi jibu. Anasema "tafuta jirani mwenye jibu tofauti, mwelezane", dakika 3, kisha kura ya pili. Wakiwa juu ya 70, anaeleza kwa sentensi mbili na kuendelea. Jibu hapa ni B, na hoja inayostahili kusikika ni ya kujaribu namba: weka x = 0 upate 0 < 6, kweli; kwa hiyo jibu lisilo na 0 ndani yake haliwezi kuwa sahihi. Hiyo inaiondoa A na D papo hapo. Kati ya B na C, jaribu x = 4: −8 ni ndogo kuliko 6, kweli, na C haina 4 ndani yake.

Muda na vifaa. Dakika 8 hadi 10 kwa swali moja. Kipindi cha dakika 40 hubeba maswali mawili na mafundisho ya kawaida katikati.

Darasa kubwa. Hapa ndipo inapozishinda nyingine zote. Watu 70 au 100, kazi ni ile ile. Na ndiyo pekee kati ya nne inayompa mwalimu picha ya darasa zima, si ya wale watano wanaonyoosha mikono kila siku.

Panapoharibika. Swali bovu ni ugonjwa wake. Majibu matatu ya uongo yatoke kwenye makosa halisi ya wanafunzi. Yaokote kwenye madaftari yao unaposahihisha. Swali la kukokotoa tu, ambalo aliyekosea amekosea kujumlisha, halizai mjadala. Pia wapo wanaosubiri kuona mikono ya wengine: ndiyo sababu ya ishara moja na vidole vya kifuani. Na majirani wawili wanaweza kukubaliana kwenye jibu la uongo kwa furaha kabisa, hasa mmoja akiwa na sauti kubwa. Usitegemee kura ya pili peke yake. Mwite aliyebadili jibu aeleze nini kilimfanya abadili.

Inamfaa mwalimu yeyote, na zaidi yule anayeanza kuachana na mhadhara. Kazi yake ni kubomoa dhana potofu: kwamba (a + b)² ni a² + b², kwamba kuzidisha huongeza siku zote, kwamba logarithimu ya jumla ni jumla ya logarithimu. Haijengi njia ndefu za kukokotoa wala uthibitisho.

## 4. GeoGebra

Programu hii ilianzishwa na Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, mwaka 2001. Ni ya bure kwa matumizi ya shule, na ikishapakuliwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti.

Inavyokwenda. Tuseme grafu ya y = ax² + bx + c. Mwalimu anatengeneza vitelezi vitatu, vile vistari vyenye kitone cha kuburuta, kimoja kwa kila herufi. Kabla ya kuburuta chochote, kila mwanafunzi anachora kwenye daftari anachotarajia. Ndipo a inaburutwa, kisha c, zote zikiwa na tabia inayotabirika kirahisi. Halafu b. Wengi husema pinda la grafu litasogea kulia au kushoto tu. Linasogea, lakini pia linapanda au kushuka, na ncha yake inafuata njia iliyopinda. Washa ufuatiliaji wa ncha na njia hiyo inaonekana: nayo ni parabola, y = c − ax². Kwa kutumia ubao na chaki, kulionyesha hilo kungehitaji grafu kumi. Hapa ni sekunde 20. Zoezi linalofuata ni kulionyesha kwa aljebra, kwa kuanzia na ncha ilipo: x = −b/2a.

Muda na vifaa. Kompyuta moja na projekta vinatosha kwa kipindi cha dakika 40, na dakika 15 hivi ndizo za skrini. Maabara ya kompyuta ni jambo jingine: kipindi cha kwanza chote kitakwisha kwa kuwafundisha kuburuta, na hilo lipangwe tangu mwanzo. Simu za wanafunzi haziruhusiwi katika shule nyingi za Tanzania na Kenya, kwa hiyo usijenge andalio la somo juu yake.

Darasa kubwa. Kwa projekta, ukubwa wa darasa si tatizo, lakini ushiriki ni tatizo. Darasa linageuka ukumbi wa sinema. Utabiri ulioandikwa kabla ya kila buruto ndio unaowarudisha kazini.

Panapoharibika. Umeme, kwanza, andaa grafu tatu zilizochapishwa za thamani tofauti za b. Pili, ukikuza au kupunguza mwonekano, pinda linaonekana pana au jembamba wakati a haijaguswa, na wanafunzi hujifunza uongo. Weka mizani ya mihimili na uifunge. Tatu, anayeburuta siku zote bila kuchora kwa mkono hataweza kuchora grafu kwenye chumba cha mtihani, ambako hakuna skrini.

Inamfaa mwalimu mwenye kifaa kinachoaminika na mada ya mabadiliko: grafu, mageuzi ya maumbo, sine na kosine, na upangaji wa mistari katika kutafuta faida kubwa kabisa.

Kuna walimu watakaouliza juu ya jigso, ile ya Elliot Aronson ya 1971 ambapo kila mwanafunzi anasomea kipande kisha anawafundisha wenzake. Ni nzuri sana kwa Historia. Kwa Hisabati tunaitumia kwa marudio tu. Vipande vya mada mpya hutegemeana. Asiyeelewa kipande chake anawapotosha wanne, na mwalimu anagundua kwenye jaribio la mwezi.

## Kwa hali yako

Nchini Tanzania, waliofaulu Basic Mathematics kwenye mtihani wa kidato cha nne wamekuwa kwa miaka mingi chini ya theluthi moja ya watahiniwa, kwa hiyo hofu ya mwalimu kupoteza muda ni ya haki na haistahili kubezwa. Hakuna mbinu hapa inayoondoa zoezi la daftarini. Mtihani wa saa 3 unataka mkono uliozoea. Ndiyo maana ratiba tulizotoa kwa dakika 80 zina dakika 20 au zaidi za mazoezi, na tungekata kitu kingine kabla ya kuzigusa.

*Una kipindi kimoja cha dakika 40 na darasa la 80 au zaidi.* Anza na swali la kura, maswali mawili kwa wiki. Ukizoea, ongeza ugunduzi wa kuongozwa kwenye vipindi vya pamoja.

*Umechelewa na muhtasari.* Usitumie tatizo kwanza kwa kila mada. Chagua mada mbili kwa muhula ambazo nyingine nyingi zinazitegemea, mfano milinganyo kidato cha pili, zijengwe polepole. Nyingine fundisha moja kwa moja kwa maelezo safi, na uweke kura katikati.

*Kidato cha nne, miezi mitatu kabla ya mtihani.* Swali la kura lililotokana na makosa ya majaribio yao, na jigso kwa marudio. Ugunduzi mpya wakati huu humvuruga aliyeanza kushika njia.

*Kidato cha kwanza, Kiingereza bado kigumu.* Ugunduzi wa kuongozwa, maana mikono inatangulia maneno. Maelekezo mafupi, safu mbili za maneno ubaoni, na sentensi moja ya hitimisho ambayo kila mwanafunzi anaiandika na kuisoma kwa sauti.

*Wewe ni mwalimu mpya, au mada hii hujaifundisha kabla.* Ugunduzi au kura. Tatizo kwanza liache hadi mara ya pili unapofundisha mada ile, na mara ya kwanza andika pembeni mwa andalio la somo makosa na njia zote ulizoziona. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia tatizo lipi la kuuliza mwakani.

*Projekta ipo, umeme haueleweki.* GeoGebra kwa dakika 15 za mwanzo wa kipindi, karatasi zilizochapishwa mfukoni, na grafu moja ichorwe kwa mkono siku hiyo hiyo.

*Wanafunzi wanajua kukokotoa lakini hawawezi kueleza.* Tatizo kwanza, mara moja kila wiki mbili. Mwezi wa kwanza utakuwa mzito na vikundi vitanyamaza. Katika kipindi kile hitaji maelezo ya mdomo kutoka kwa mwanafunzi mmoja asiye hodari kwa kila njia iliyowekwa ubaoni, akieleza kazi ya kikundi kingine badala ya chake.